Baki Shilingi Arobaini

Kwota za reli, nyumba namba saba, Tororo.
Vyumba viwili, na jiko lililogeuzwa stoo.
Nyaketcho anakata tiketi kwa mkasi wa kushonea.
Elfu mbili. Nampa noti ya elfu tano, chenji hana.
"Zunguka kwanza, labda atakuja mwingine."
Hakuja mwingine.

Kila kiti kimefungwa utepe mwekundu,
kila utepe una kikaratasi: USIKALIE.
Nikacheka peke yangu. Zefania Ochwo,
fundi aliyemfukuza mteja karakanani
kwa kusema, "Kizuri hiki, nitakiweka sebuleni kitazamwe,"
leo viti vyake vyote vinatazamwa,
na mimi nimesimama, magoti yananiuma.

Ukutani, penseli zake: vipande kumi na vinne,
kimoja kina alama za meno.
Randa iliyolika upande wa kiganja.
Patasi, keekee, kopo la gundi
na brashi imegandia humo tangu siku ile,
anasema Nyaketcho,
wala hasemi siku ipi.
Kwenye kona, peke yake, kigoda cha miguu mitatu
kilichomwangusha kasisi mbele ya wachumba.
Ochwo alikataa kukichoma.
Alikitundika juu ya benchi lake, akikosea anakiamkia.

Chumba cha pili ni miaka ya magendo.
Sukari ilikuwa ya kunong'onezana,
msumari mmoja kwa yai moja.
Akaketi juu ya gogo la mvule siku tatu,
mkewe akadhani ni homa.
Ya nne akaamka na ulimi na tundu,
mbao ikaingia mbao, kigingi kikafunga mlango,
chuma hakuna, hata cha kuchokolea meno.
Mkono wa kushoto wa kiti aliupanua, kikombe kikae.
Wa kulia aliuacha mwembamba,
kwani mkono wa kulia, alisema,
haujapewa likizo.

Kiti hicho nakijua.
Nilijifunza kusoma nimelala chali chini yake,
nikifuata penseli tumboni mwake:
Z.O., namba 31, *koth*.
Mvua. Kila kiti alikiandikia hali ya hewa
ya siku kilipoanza kusimama chenyewe.
Neno langu la kwanza, basi, lilikuwa mvua,
na juu yake baba akisahihisha madaftari,
mbao ikilia kidogo kila alipokuta kosa.

Kabatini, nyuma ya kioo, daftari la madeni.
Nyaketcho hugeuza ukurasa mmoja kila mwezi.
Mwezi huu:
Mama Akongo, kitanda, amelipa kuku wawili,
mstari juu yake.
Wandera wa posta, meza, mstari.
Mwalimu Opendi, kiti, 31.
Baki sh. 40.
Hakuna mstari.

Masikio yakaniwaka moto, mtu mzima mimi.
Arobaini za siku zile
leo hazinunui hata njiti ya kiberiti.
Nikasema, "Huyu ni baba yangu. Chukua kwenye chenji yangu."
Akanitazama, akalitazama daftari.
"Nikipokea, itabidi nimpige mstari.
Tazama ukurasa mzima,
ni jina gani lingine linasomeka?"

Kisha, polepole: "Thelathini na moja iko wapi?"
"Kwa dada yangu, Malaba."
"Inakaliwa?"
"Kila siku. Akiinuka yeye, paka."
Akapumua kama mtu aliyetua tenga.
"Basi deni na libaki."

Hadi saa kumi chenji haikupatikana.
Akatoa daftari la shule, jipya, lenye jedwali la kuzidisha nyuma,
akauliza jina langu, akaandika kwa penseli:
mtoto wa Opendi, anatudai elfu tatu.
Akachungulia dirishani,
akaongeza pembeni, herufi ndogo:
jua.